Jamaa Yenye Mtoto Mgonjwa wa Saratani

Katika nchi yetu watu wengi hudhani kwamba saratani, ambayo wengine twaiita kansa, ni ugonjwa wa watu wazima na wazee. Mtoto akipatwa nao, majirani hushangaa, na katika mshangao huo huanza kumtafuta mwenye kosa. Nani amemtazama mtoto kwa jicho baya? Mama alikula nini alipokuwa na mimba? Mbona ni nyumba ile tu? Maswali hayo huizunguka nyumba ya mgonjwa kabla hata kibaba kimoja cha unga wa msaada hakijafika mlangoni. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa juma hili tuwaeleze wasomaji wetu habari za ugonjwa huu, na zaidi ya hayo, habari za jamaa zinazouguza na jamaa zinazozika. Tutawatazama hasa wenzetu wa Lumemo, wa Ifakara na wa bonde zima la Kilombero, ila twasadiki kwamba wasomaji wa Rukwa, wa Bukoba na wa Mbulu watajiona humu vilevile.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 ulimwenguni huanza kuugua saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila watoto 100 hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Dawa nyingi zinazotumika ni zile zile, tena nyingine ni za miaka mingi. Basi tofauti yatoka wapi? Sehemu yake yatoka serikalini na hospitalini, kwa uhaba wa waganga, wa vipimo na wa dawa, na hayo hatuwezi kuyaondoa kwa makala moja. Lakini sehemu nyingine, wala si ndogo, yatoka kwetu sisi wenyewe, yaani katika kuchelewa kwetu, katika nauli iliyokosekana, na katika maneno yetu.

Ugonjwa wa taya

Kati ya saratani za watoto iko moja ambayo ulimwengu mzima uliijua kwa kupitia Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Hakuutambua. Majuma machache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Hapo akaacha kudhani kwamba ni mambo ya nasibu. Alichunguza daftari za hospitali, akaandika makala yake ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri maili 10,000 hivi kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali baada ya hospitali, za serikali na za misioni, na kuuliza swali moja tu: Je, mmewaona watoto wa namna hii?

Majibu aliyoyakusanya aliyaandika katika ramani. Ugonjwa ulionekana sana katika nchi za chini zenye joto na mvua nyingi, na katika nchi za juu zenye baridi haukuonekana, au ulikuwa wa nadra. Mwanzoni walidhani kwamba labda mdudu ndiye auenezaye. Mwaka 1964 wataalamu wa London, Epstein, Achong na Barr, waliona kirusi katika chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Kirusi hicho hupita katika mate, na karibu watoto wote wa nchi zetu hukipata wakiwa wadogo bila kudhurika. Lakini mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara, mwaka hata mwaka, kinga ya mwili wake huchoka kukilinda kirusi hicho kisizidi mipaka, na katika watoto wachache sana saratani huanza. Ndiyo sababu ramani ya ugonjwa wa Burkitt yalingana na ramani ya malaria kali.

Sasa msomaji wa Kilombero aitazame nchi yake: mto mkubwa, mabonde ya mpunga, majaruba yenye maji miezi mingi, na mto Lumemo unaotelemka kutoka upande wa milima ya Udzungwa na kuingia mjini masika yanapozidi. Si bure kwamba Profesa Rudolf Geigy wa Basel aliichagua Ifakara mwaka 1957 kuwa mahali pa maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wala si bure kwamba vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa hapo. Kazi ilianza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na taarifa yake ilipotolewa mwaka 2001 ilionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Hatusemi kwamba chandarua ni dawa ya saratani. Twasema kwamba mzazi anayekitandika chandarua juu ya mtoto badala ya kufugia vifaranga au kuanikia dagaa, amzuilia mtoto wake malaria, na kwa njia hiyo ampunguzia pia hatari nyingine asiyoijua.

Na jambo moja tulikaze kwa sababu lawatesa watu bure: saratani ya mtoto haiambukizi. Mwacheni mtoto mgonjwa acheze na wenzake, ale katika sahani moja nao akiweza. Daktari akitaka atengwe kwa muda, ni kwa kumlinda yeye na mafua na homa za wenzake, wala si kinyume chake.

Dalili ambazo mzazi asizidharau

Uvimbe wa Burkitt hukua upesi kupita karibu saratani zote. Kwa siku chache tu uso wa mtoto hubadilika. Meno hulegea bila kuoza. Wazazi hufikiri ni jino, wakaling'oa, na majuma mawili yamepotea. Mara nyingine huanzia tumboni, si tayani. Saratani ya figo nayo hujulikana kwa tumbo lililojaa upande mmoja, na mara nyingi mama ndiye ahisiye uvimbe wakati wa kumwogesha mtoto. Saratani ya damu hujificha kama malaria: homa zisizokoma, mwili kuwa mweupe, damu kutoka puani au katika fizi, michubuko isiyo na sababu. Mtoto aliyetibiwa malaria mara mbili tatu asipone, mzazi asikubali kupewa vidonge vile vile mara ya nne bila kupimwa damu vizuri.

Iko moja ya jicho, ambayo tungependa kila nyanya na kila mama mdogo aijue. Katika mboni ya mtoto mchanga au mtoto wa miaka miwili mitatu huonekana weupe unaong'aa, kama jicho la paka likimulikwa usiku. Mtoto halii wala haumwi. Kwa hiyo watu hungoja. Siku hizi hata picha ya simu yaweza kuuonyesha weupe huo: jicho moja huonekana jekundu kama kawaida na lingine jeupe. Ukiwahiwa, mtoto hupona. Lakini mara nyingi kupona kwake kwahitaji jicho lenyewe litolewe, na hapo ndipo jamaa hugawanyika. Babu akataa. Shangazi asema mtoto wa kike atamkosa mume. Baba achukua siku ya kufikiri, siku yawa mwezi, na saratani yafuata mshipa wa jicho hata kwenye ubongo. Sisi twasema wazi kwamba mtoto mwenye jicho moja aliye hai ana haki ya kuchukuliwa kuwa mtoto mzima. Huyo Dk. Burkitt tuliyemtaja alipoteza jicho moja kwa ajali akiwa kijana mdogo, na kwa lile lililobaki akaona yale ambayo madaktari wengi wenye mawili hawakuyaona.

Njia ya hospitali

Kwa watu wa Lumemo hospitali ya kwanza yajulikana: ni ile ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, iliyojengwa kwa jasho la Wakapuchini wa Uswisi na Masista wa Baldegg, ambayo imekuwa ya rufaa kwa bonde zima. Lakini matibabu ya saratani za watoto yana vituo vyake, na kikubwa ni Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 400 na zaidi kutoka Ifakara. Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi pia huwatibu watoto hao. Muhimbili liko shirika la Tumaini la Maisha, lililoanza mwaka 2011, ambalo hushirikiana na hospitali ili mtoto atibiwe pasipo wazazi kudaiwa gharama za dawa zake, apate mahali pa kukaa na mzazi wake kati ya zamu moja ya dawa na nyingine, na asome na kucheza wakati anaumwa. Watu wengi vijijini hawajui jambo hili. Wasikiapo neno saratani huhesabu mamilioni wasiyokuwa nayo, wakakata tamaa na kurudi nyumbani kabla ya kuuliza.

Lakini hata dawa ikiwa bure, njia si bure. Tuifikirie jamaa ya kawaida ya Lumemo. Ni mwezi wa Januari, mpunga wapandwa. Mama aondoka na mtoto mgonjwa. Baba abaki na watoto wanne na shamba lililo mbali na nyumba, huko ambako watu huhamia na kulala vibandani msimu mzima ili kulima na baadaye kulinda ndege. Nani atakaa na wale wadogo wanaokwenda shule? Nani atapalilia ekari mbili za mama? Nauli ya kwanza imetoka katika mbegu. Nauli ya pili itatoka katika kuku na baiskeli. Mwezi wa tatu baba apiga simu na kusema: mama fulani, rudi, huku nyumba imekufa.

Na iko hatari nyingine ambayo haina budi kuelezwa vizuri, maana imewaua watoto ambao wangepona. Uvimbe wa Burkitt, kama unavyokua upesi, ndivyo unavyoyeyuka upesi dawa ikiingia. Baada ya zamu ya kwanza au ya pili, uso wa mtoto uliokuwa umeharibika wawa uso wake tena. Anakula, anacheka, anakimbia. Mama amtazama na kusema moyoni: amepona, na kule nyumbani wananingoja. Aaga au atoroka. Lakini chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, nazo zitaamka, na zikiamka mara ya pili dawa ile haziziogopi kama mara ya kwanza. Matibabu ya Burkitt huchukua miezi kadhaa. Ya saratani ya damu huchukua miaka miwili hata mitatu. Mtu asimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya uso mzuri. Daktari ndiye asemaye kwamba imekwisha. Hali kadhalika mtoto aliye katika dawa akipatwa na homa nyumbani, hata kidogo, apelekwe hospitalini siku ile ile, usiku ule ule. Dawa za saratani zimeipunguza kinga yake, na homa isiyowahiwa humwua mtoto ambaye saratani ilikuwa imeshindwa.

Mchango huja ukiwa umechelewa

Hapa tunafika mahali ambapo hatuna budi kuwasema wasomaji wetu kidogo, kwa upendo. Sisi ni watu wakarimu sana penye msiba. Mtoto akifa, daftari la rambirambi lafunguliwa siku ile ile. Mchele wapatikana, kuni zapatikana, turubai, sufuria, gari la kuchukua maiti. Vijana wachimba kaburi bila kuulizwa malipo. Wanawake wa WAWATA wapika siku tatu. Jambo hilo ni jema na tusiliache. Lakini tujiulize: mtoto yule yule, miezi minne iliyopita, alikosa nauli ya kurudi Muhimbili kwa zamu ya tatu. Nauli ile ilikuwa ndogo kuliko mchele uliopikwa siku moja ya matanga. Haikupatikana, kwa sababu hakuna aliyefungua daftari.

Katika hospitali mbalimbali za Afrika imeonekana kwamba wazazi wakisaidiwa nauli na chakula, wanaomaliza matibabu huwa wengi zaidi. Hili halihitaji mtaalamu kulieleza. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokubaliana, tangu mwaka 1973, kuzitilia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wajuana kwa majina na kwa shida. Basi jumuiya yenye nyumba 15, kila nyumba ikitoa debe moja la mpunga wakati wa mavuno, ina akiba ya kumpeleka mtoto na mama yake Dar es Salaam na kuwarudisha, si mara moja. Akiba hiyo iwekwe kabla mgonjwa hajatokea. Ikingoja mpaka atokee, patakuwa na kikao cha kwanza, na kikao cha pili, na mtu wa kusema kwamba mwenyekiti hayupo.

Tena si fedha peke yake. Siku moja ya kazi ya watu 12 katika shamba la jamaa inayouguza yaweza kuliokoa chakula la mwaka. Mama mmoja awachukue wale watoto wawili wa katikati kwake mpaka shule ifungwe. Mwingine ajue siku ya baba kwenda kituo cha basi. Simu ya vocha ndogo kwa mama aliye wodini, asikie sauti za nyumbani, humzuia kutoroka kuliko mahubiri. Na jirani asiyeweza chochote katika hayo, aache tu kuuliza ni nani aliyeroga.

Maumivu si sadaka ya mtoto

Wapo watoto ambao hawatapona, hata wakiwahi, hata dawa ikiwapo. Daktari akisema hivyo, kazi ya jamaa haijaisha, na kazi ya daktari haijaisha. Iko dawa ya maumivu, morfini ya maji ya kunywa, ambayo hutayarishwa nchini katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ambayo Uganda imeienezea sana tangu Dk. Anne Merriman aanzishe huko huduma ya wagonjwa mahututi mwaka 1993. Baadhi ya watu huiogopa. Husema ni dawa ya kuua, au kwamba mtoto ataizoea kama mlevi. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, mtoto hulala, hula, huongea na mama yake, naye hufa kwa ugonjwa wake wala si kwa dawa. Wengine, na hawa ni watu wa sala, husema kwamba mateso ya mtoto yana thamani mbinguni, basi yasipunguzwe. Kanisa halikufundisha hivyo. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba yaruhusiwa kutuliza maumivu makali ya mgonjwa kwa dawa, hata kama uhai waweza kufupishwa nazo, maadamu nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Mzazi aombe dawa hiyo bila haya.

Je, mtoto aambiwe? Wengi wetu twajibu upesi: la. Twafunga mlango, twanong'ona, twafuta machozi barazani kabla ya kuingia. Lakini mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alitoa kitabu chake juu ya watoto wa miaka 3 mpaka 9 waliokuwa wakiugua saratani ya damu. Alikaa nao wodini, akaona kwamba walijua wanakufa, ingawa hakuna aliyewaambia. Walijua kwa kutazama nyuso, na kwa kuwaona wenzao wakiondoka wasirudi. Tena walinyamaza ili wasiwaumize wazazi. Na huko Sweden, wazazi ambao watoto wao walikufa kwa saratani waliulizwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2004: kati ya 147 waliozungumza na mtoto juu ya kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta.

Hatusemi mtoto wa miaka mitano akalishwe kitako na kuelezwa kama mtu mzima. Ajibiwe anachouliza. Akiuliza, Mama, nitakwenda wapi? aulize kwa sababu afikiri, na jibu la imani yetu laweza kusemwa kwa maneno mafupi ambayo mtoto ayaelewa, kisha ashikwe mkono. Na padre aitwe mapema. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto aliyefikia kutumia akili yake aweza kupewa Mpako wa Wagonjwa. Kwamba katika hatari ya kufa padre aweza kumpa Kipaimara hata mtoto mdogo. Na kwamba mtoto anayeweza kupambanua Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, katika hatari hiyo apewe Komunyo, hata kama hajamaliza mafundisho pamoja na wenzake.

Baada ya kuzika

Maneno yanayosemwa penye msiba wa mtoto twayajua wote. Mungu amempenda zaidi. Mungu alihitaji malaika. Bado mna wengine. Ninyi ni vijana, mtapata mwingine. Wasemao hawana nia mbaya. Kimya huwaogopesha nao hukijaza. Lakini mama aliyemlea mtoto miaka sita na kumwuguza mmoja na nusu hakumlilia mtoto kwa ujumla. Alimlilia yule, mwenye jina lake na kovu lake gotini. Mtoto mwingine hatakuwa yule. Tena kumwambia kwamba Mungu ndiye aliyemhitaji kuliko yeye, ni kumfanya Mungu mwizi mbele ya macho yake. Rafiki za Ayubu walifanya vema sana siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Baba naye asisahauliwe. Desturi yatutaka tumwambie ajikaze, maana mwanamume halii. Basi ajikaza msibani, apokea wageni, ahesabu rambirambi, na mwezi wa pili aonekana kilabuni kila jioni, au anyamaza kabisa, na mkewe adhani hakumpenda mtoto. Bwana wetu mwenyewe alilia hadharani penye kaburi la rafiki yake, wala hakuna aliyesema si mwanamume. Mzee mmoja wa jumuiya amwendee baba huyo, wakae chini ya mwembe, amwache azungumze habari za mtoto wake. Si lazima kumshauri.

Na watoto waliobaki huachwa nje ya mambo yote. Huambiwa ndugu yao amesafiri, au amelala. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa hivyo humngoja ndugu yake kituoni, au huogopa kulala. Waambiwe kwamba amekufa, yaani mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii tena maumivu, hatarudi nyumbani, naye yuko mikononi mwa Mungu. Wahakikishiwe mambo mawili ambayo watoto huyaficha moyoni: kwamba hawakumwua kwa kugombana naye siku ile, na kwamba wao hawataugua kwa sababu walilala naye. Wapelekwe kaburini wakitaka. Mwalimu wa darasa ajulishwe.

Liko jambo la mwisho ambalo huwatesa wazazi wachache kwa siri, nalo ni la mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa. Wazee wetu wengi walifundishwa habari za limbo, na wengine hadi leo huogopa kumtaja mtoto huyo katika sala. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Teolojia ya Kanisa ilitoa maelezo marefu juu ya sababu za kutumaini wokovu wake. Taratibu za mazishi za mwaka 1969 zina ibada kwa ajili ya mtoto asiyebatizwa, ikiwa wazazi walinuia abatizwe, kwa ruhusa ya Askofu. Jamaa ya Lumemo yenye msiba wa namna hiyo iende parokiani ikaulize, isimzike mtoto kimya kimya magharibi kama kitu cha aibu.

Msiba wa mtoto hauishi siku watu wanapotandua mikeka. Huanza hasa siku hiyo. Juma la tatu, wageni wameondoka, mama afungua sanduku na kukuta sare ya shule. Wakati wa mavuno ahesabu vibaba vya mpunga na kukosea kwa kimoja. Wanajumuiya wakimwona wakati huo hukwepa kulitaja jina la mtoto, wakidhani watamtonesha. Wamtajie. Waseme, leo tumekumbuka jinsi fulani alivyokuwa akiimba, na mama akilia, wasiondoke. Katibu wa jumuiya aandike katika daftari tarehe ya kifo cha mtoto, na mwaka ukitimia sala ya juma hilo ifanyike nyumbani kwao. Mwezi wa Novemba, marehemu wa parokia wanaposomwa majina altareni, jina la mtoto huyo lisomwe kamili, pamoja na la baba yake.